Cheti cha Ami

Tarehe 26 Julai ni siku ya mikoko duniani. UNESCO waliipitisha mwaka 2015, ila hawakuuliza mwezi uko wapi. Mwaka 2019 iliangukia Ijumaa, na mwezi wa Mfunguo Pili ulikuwa umeshapindukia siku ishirini, yaani maji mafu: saa nne asubuhi maji yako juu, yanaanza kupwa mchana, na hata yakipwa hayendi mbali. Mtoto yeyote wa Kisiwa Panza, kisiwa chetu kidogo kusini mwa Pemba, angekwambia hivyo. Lakini barua ya mgeni rasmi ilikuwa imeshatoka: awasili saa nne, apande mikoko, atoe vyeti kwa waliojitolea, kisha watu wawahi sala ya Ijumaa.

Mie nilikuwa katibu wa kikundi cha kupanda mikoko, na kwa kuwa hati yangu inasomeka, vyeti vikawa kazi yangu. Vilikuja 15 kutoka mjini Chake Chake, vimeshagongwa muhuri, pahala pa jina pako wazi. Wanachama walikuwa wengi zaidi ya hapo. Kwa hiyo jioni ya Jumatano kamati ikakaa barazani kwa mwenyekiti kuchagua majina.

Kuna waliotaka tufuate karatasi za mahudhurio za ule mradi uliokwisha. Shangazi yangu, mweka hazina, hakuwaacha wamalize.

"Zile karatasi za posho. Siku ya posho hata wenye miguu mibovu walifika pwani."

Alisema kweli. Siku za mradi tope lilijaa watu. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka kama kijiti, nawe kazi yako ni kuichomeka tu kwenye tope. Na bado wapo waliozichomeka kichwa chini, wakapiga picha, wakaenda zao. Kazi hasa ni kujaza mapengo baadaye. Miche mingine huchukuliwa na wimbi, mingine huliwa na kaa, mingine hufa tu usijue kwa nini, na lazima mtu arudi, apite mstari kwa mstari, apande upya. Kazi hiyo haina soda wala mpiga picha. Waliokuwa wakirudi tuliwajua, na wengi wao walikuwa wanawake ambao wakitoka hapo huenda moja kwa moja kuokota chaza.

Majina 14 yakapita bila ya kelele. La 15 likawa la Ami.

Si ami yangu wa damu, ni ami wa mtaa mzima. Ujana wake wote aliumaliza kwenye boriti. Alikuwa akitusimulia kwamba vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu dari zake zinalala juu ya boriti za mikoko, na boriti ndefu kuliko zile haikupatikana. Akisema hivyo ungedhani yeye ndiye aliyewapimia mafundi. Boriti zilipopungua soko akahamia kuni, akauza kwa wenye matanuri ya chokaa. Mengi ya mapengo tuliyokuwa tukiyajaza yalianza na shoka lake.

"Tumpe cheti mtu aliyeifyeka?" mjumbe mmoja akauliza. "Watoto watajifunza nini hapo?"

Hakuwa mtu wa fitina. Bonde lake la mpunga liliingiwa na maji ya chumvi pale mikoko ya mbele ilipokwisha, na tokea hapo halikumpa hata pishi moja. Hasira yake mie niliielewa, na hadi leo naielewa.

Shangazi akamkumbusha miche ya mwanzo. Wataalamu waliokuja na mradi walituambia tupande mkoko mtupu, aina hiyo moja tu, kutoka juu mpaka mbele kabisa. Tukapanda. Kusi lilipovuma likaisomba yote ya mbele. Ami ndiye aliyeteremka pwani, hakuitwa na mtu, akatuonesha: mbele huko ni pa mlilana na mchu, aina nyengine za mikoko, mkoko wenyewe ukae nyuma yake, na mkandaa uwe juu kunakofika maji ya bamvua tu, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kila mti alijua ulisimama wapi kwa kuwa yeye ndiye aliyeukata. Tuliopanda kwa kumfuata, miche yetu ilishika. Na mapengo hakukosa kuja, siku ya mvua na siku ya jua.

Tukapiga kura ya mikono. Ami akapita. Nikaliandika jina lake mwishoni, kwa wino ule ule.

Ijumaa mgeni akavuka kutoka Chokocho, ng'ambo ya pili, na msafara wake. Kule mbele kwenye mapengo maji yalikuwa magotini, naye amevaa viatu vya ngozi. Wakamtafutia mchanga mkavu karibu na njia, akachomeka mikoko mitatu mahali ambapo mkoko haujapata kuota tangu dunia iumbwe. Makofi. Kisha turubai, viti vya skuli, risala, majina.

Ami alipoitwa alipokea cheti kwa mikono miwili, halafu akaomba kipaza sauti. Hakuwemo kwenye ratiba. Mshereheshaji akanitazama, nami nikatazama kwengine.

"Mheshimiwa, nashukuru. Mie nimekata mikoko miaka mingi, na sikuikata kwa kuichukia. Sasa nauliza. Hiyo harufu ya pilau inayotoka nyuma ya skuli, inapikiwa kuni gani?"

Hakuna asiyejua. Mkandaa una moto mkali na makaa yake hayazimiki upesi. Kwa pilau ya shughuli watu hawataki kuni nyengine. Kicheko kikaanzia kwa vijana nyuma, kikafika mpaka meza kuu.

"Si mie niliyezikata safari hii," Ami akaendelea. "Na wapishi hawana kosa. Mtungi wa gesi unavuka bahari kutoka Unguja, ukifika Pemba unavuka tena kuja kwetu. Tupeni miche ya mivinje tupande ya kuni, ndipo mikoko itapumua."

Akakaa. Sherehe nyingi za kuwaenzi watu nilizohudhuria, mwenye kuenziwa hupewa karatasi ili atabasamu na kunyamaza. Hii ndiyo pekee niliyomwona mmoja wao akiitumia nafasi. Mgeni naye, nimpe haki yake, alitoa kalamu akaandika, na pilau akala sahani mbili. Vuli ilipoingia miche ya mivinje ikaletwa, tukaipanda juu huku, nyuma ya uwanja wa mpira.

Mwenyekiti alitaka maneno ya kuni yasiingie kwenye ripoti ya wafadhili. Nikayaandika kama yalivyosemwa, nikamwambia kama hayataki ayafute kwa mkono wake. Hakuyafuta.

Lililobaki ni la shangazi. Yeye aliyelipigania jina la Ami barazani hadi usiku ndiye aliyekuwa mpishi mkuu siku ile. Hakumsemesha mpaka Idi Kubwa, na hata hapo, baada ya kupeana mkono wa Idi, la kwanza alilomuuliza ni kama kile cheti chake kinawaka.