Mbavu za Bibi Mbele ya Jua

Juzi tukipita kwa fundi wa mageti binti yangu aliganda akitazama cheche, nikamvuta mkono: usiangalie, macho yataharibika. Akanijibu, "Mbona hayaumi?"

Swali hilo niliwahi kulisikia Rujewa, Septemba 1, 2016, siku ya jua kupatwa. Wengine mlikuwepo, mnakumbuka vumbi na msururu wa magari. Mjomba alifunga karakana, tukatoka Mbeya alfajiri. Mfukoni alikuwa na kioo cha kuchomelea namba 14; namba ikipanda, kioo kinazidi kuwa cheusi. Kile cha namba 10 anachofanyia kazi kila siku alikiacha. Alisema kwa jua hakitoshi.

Karibu saa sita mwezi ulikuwa umeingia katikati, ila siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukuweza kulifunika jua lote. Ikabaki pete. Upepo ukapoa. Chini ya mwembe, kila upenyo wa majani ulichora pete yake mchangani, mamia ya vijua vyenye tundu, watu wakiruka wasivikanyage.

Hapo ndipo Mjomba alipomwona yule mtoto. Alikuwa ameshika picha ya eksirei kwa mikono miwili, ameinua uso. Nilisogea nyuma yake nikaona anachokiona: mbavu za mtu, nyeupe nyeupe, na katikati ya mbavu, karibu na pale moyo unapokaa, ile pete ikiwaka rangi ya chungwa. Nakiri ilipendeza. Mjomba aliinyakua.

"Mbona haliumi, babu?"

"Ndiyo ubaya wake, we kijana."

Mjomba fizikia aliiacha sekondari, lakini usiku mmoja wa ujana wake aliulipia. Alichomelea bila kioo, jioni akala vizuri, usiku wa manane akaamka macho kama yamejazwa mchanga. Hiyo ilikuwa miale iliyo ng'ambo ya urujuani. Jicho letu linaona mawimbi ya mwanga yenye urefu wa kuanzia nanomita (sehemu za bilioni za mita) 400 hivi hadi 700 hivi, kipande chembamba mno cha mawimbi yanayoanzia redio hadi gamma. Ng'ambo ya pili, baada ya nyekundu, kuna infraredi. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kuweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, kikapanda.

Weusi wa ile picha unapunguza nuru tunayoiona, infraredi nyingi inapita. Mboni ikidanganywa na giza inapanuka, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina mishipa ya kuhisi maumivu, hivyo inaungua bila wewe kujua. Kichekesho ni kwamba eksirei nayo ni ndugu wa ukoo huohuo: miale isiyoonekana ndiyo iliyochora zile mbavu, na bado haziwezi kukukinga na miale mingine.

Haya yote sikuyasema siku ile. Mjomba alimpa mtoto kioo chake, akaikalia picha. Yeye mwenyewe hakutazama juu hata mara moja. "Mimi na mwanga tunajuana," alisema, macho kwenye mchanga.

Pete ilipokatika, mtoto alirudisha kioo kwa adabu, kisha akaanza kulia. Picha ilikuwa ya bibi yake, kesho yake inatakiwa kliniki, na sasa ilikuwa na mkunjo kutoka bega hadi kiuno. Mjomba aliinyoosha pajani kwa kiganja, akainyoosha tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama daktari atadhani ni mfupa uliovunjika.