Jinsi nilivyorudi darasani baada ya kusimamishwa uuguzi

Barua ya chuo ilisema nimesimamishwa masomo ya uuguzi kwa kughushi saini kwenye daftari la mazoezi ya wodini. Haikutaja saini ipi, ya tarehe gani, wala lini nijitetee. Wenzangu wa hosteli walinisihi nikaombe msamaha yaishe. Nilikataa, maana msamaha ule ungegeuzwa ushahidi.

Nilikwenda kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre, Kampala. Wakili alisoma barua mara mbili. "Mdogo wangu, walikuita ukajieleza?" Hapana. "Basi tuanzie hapo." Akanifungulia Katiba ya Uganda ya 1995: kifungu cha 28 kinalinda haki ya kusikilizwa, na cha 42 kinamtaka kila ofisa wa umma anayeamua jambo lako akutendee kwa haki. Akaniambia pia kuwa ombi la mapitio Mahakama Kuu, yaani kuiomba mahakama ipime kama uamuzi ulifuata sheria, hufunguliwa ndani ya miezi 3, kwa hiyo tusikae tukingoja huruma.

Tulimwandikia mkuu wa chuo kudai mashtaka kwa maandishi, nakala za kurasa zinazolalamikiwa na tarehe ya kusikilizwa. Nakala yangu niliigongesha muhuri wa mapokezi. Usikubali kuondoka bila muhuri huo!

Mbele ya kamati nililaza daftari kando ya ratiba ya zamu. Saini yenye utata ilikuwa ya muuguzi wa usiku, iliyoandikwa mbiombio kwa wino mwekundu. Aliitwa, akaitambua palepale. Nilirudishwa kwa barua, na nikasajiliwa kwa mtihani wa taifa pamoja na wenzangu.