Visanduku vitatu vya mchango

Mjumbe kapita jioni na fomu ya mchango wa kalavati letu hapa Moshi, lile ambalo masika ikikaza hata bodaboda hawapiti. Fomu ina visanduku vitatu: 20,000, 50,000 na 100,000. Basi. Imetengenezwa kama kadi ya harusi.

Jirani yangu anauza ndizi mbivu barabarani. Buku mbili angetoa, tena kwa moyo, kwa kuwa watoto wake ndio wanaovuka pale kwenda shule. Ila fomu imeshamfungia mlango, na kesho tutasikia kwamba watu wa hali yake hawapendi maendeleo. Linaniuma sana hili.

Mwaka 1976 wanasaikolojia Robert Cialdini na David Schroeder walichapisha jaribio lao la Marekani, la kuchangisha nyumba kwa nyumba kwa ajili ya saratani. Kwa ombi la kawaida walitoa watu kama 29 katika kila 100. Walipoongezewa maneno kwamba hata senti moja itasaidia, wakafika 50, wala kiasi cha kila mtoaji hakikushuka. Nadhani siri ni kwamba senti ilitajwa tu, haikuandikwa kuwa kiwango. Tukichapa kisanduku cha 2,000, naogopa mwenye duka la jumla naye atakiwekea tiki.

Kuna na jaribio la mchumi John List la 2007: mtu anapewa pesa, aamue kama atamgawia mwenzake. Alipoongezewa nafasi ya kumpokonya mwenzake, idadi ya waliotoa ilishuka sana. Kutokutoa, ambako mwanzo kulionekana uchoyo, sasa kukaonekana uungwana. Chaguo la chini kabisa ndilo linalompimia mtu aibu yake.

Wazee wetu wa mifereji ya mlimani hawakuanza na pesa. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuja na jembe, na asiyefika alitozwa faini au akanyimwa zamu ya maji. Mchango wa jasho ulihesabika sawasawa na mwingine wowote.

Kwenye kikao cha Jumapili nitaomba visanduku vifutwe. Tuandike gharama nzima ya kalavati, tuache mstari mtupu wa kiasi, na chini yake mstari wa pili: siku za kuchimba na kubeba mawe. Mwenyekiti akisoma majina, asome mistari yote miwili kwa sauti ileile.