Siku moja karakanani: kipuri kisichojulikana jina

Saa 1 asubuhi nafungua karakana yangu hapa Amani, Unguja. Naanza na shafti ya boti ya uvuvi iliyopinda. Mwenyewe anaitaka kabla ya Adhuhuri. Naifunga kwenye mashine ya kukereza, nainyoosha, basi.

Saa 3 mzigo unafika kutoka bandari ya Malindi, ya hapa hapa Unguja. Ndani mna kipande cha chuma kizito, kinajaa kiganja, kimevikwa grisi kavu. Kimetoka kwa bwana mmoja wa Mombasa anayefufua magari ya zamani ya jeshi. Alinunua sanduku la vipuri vilivyochanganyika kutoka Uingereza, na hiki kimemshinda. "Fundi, hiki nini, na kinakaa wapi?"

Mwanafunzi wangu ameshashika brashi ya waya. Namzuia. Waya utafuta alama za kulika, na alama hizo ndizo nizitakazo. Tunakiloweka kwenye dizeli, tunakisugua kwa kitambaa na kijiti cha mwanzi.

Kufika saa 4 na nusu sura imetoka. Kina mgongo wa mviringo. Upande mmoja una mfereji mpana, na upande wa pili una mfereji mwingine unaoukata ule wa kwanza kimsalaba. Hakuna nambari inayosomeka. Nakigeuza kwenye mwanga wa dirisha: kuta za mfereji zinang'aa upande mmoja kuliko mwengine, maana yake nguvu ilikuwa ikisukuma kutoka huko. Mng'ao umetambaa mpaka karibu na ukingo. Shafti inayokwenda moja kwa moja hailiki hivyo. Kiungo hiki kilikuwa kikikunjwa sana, kama ilivyo kwenye magurudumu yanayogeuzwa na usukani. Napitisha tupa pembeni kidogo tu, inateleza bila kung'ata. Chuma kimetiwa ugumu kwa moto. Kwa vernia, kipimo cha mkono cha kupima unene, milimita zinaleta koma kila ninapopima. Inchi zinakaa sawasawa. Mwingereza, basi.

Saa 6 anapita mzee jirani, fundi wa Land Rover tangu ujana wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hii Tracta! Umeipata wapi?"

Anamtuma mjukuu wake nyumbani, anarudi na kipande cha Land Rover za mwanzo, zile zilizoanza kutengenezwa 1948. Tunaviweka pamoja juu ya meza: mtu na mdogo wake. Umbo moja, ila changu kikubwa zaidi. Mzee anamweleza kijana, nami nasikiliza kwa raha. Jointi, yaani kiungo cha shafti mbili, ile ya msalaba ya kawaida ikikunjwa, upande wa pili huenda mbio mara mbili na kuzubaa mara mbili kwa kila mzunguko. Tracta, iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1920, ni kama jointi mbili zilizobanwa pamoja, moja ikifuta kasoro ya mwenzake. Gurudumu likikatwa kona, linazunguka kwa mwendo ule ule.

Baada ya chakula namtumia bwana wa Mombasa picha na vipimo, namwomba mchoro wa kitabu cha matengenezo. Saa 9 jibu linaingia. Ni Ferret, gari dogo la deraya la upelelezi lililotengenezwa na Daimler kuanzia 1952 hadi 1971, lenye injini ya Rolls-Royce B60 nyuma na gia tano zinazofanya kazi mbele na kinyumenyume. Kwenye mchoro, kipande chetu ni jike la Tracta. Dume lake lina ulimi unaoingia katika mfereji mmoja. Mfereji wa pili unashika uma wa shafti.

Sasa anataka nimchongee dume. Nakataa. Kuchonga naweza, lakini ugumu ule wa juu na ulaini wa ndani unahitaji tanuri ambalo sina, na jointi ikivunjika gari lenye uzito wa tani kadhaa likiwa mwendoni, anayeumia ni dereva. Namwandikia alitafute dume kwenye sanduku lile lile, na asiziunganishe nusu mbili kabla hajapima mwanya baina yake.

Saa 11 tunakipaka grisi mpya, tunakifunga kwa karatasi ya mafuta. Boti ya kesho asubuhi itakipeleka Dar, na kutoka huko kitapanda basi la Mombasa.