Mjomba na Nyumba ya Segerea

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kuamkia Jumamosi ile ya Aprili 2015, na kulipopambazuka tu dalali akapiga simu. Alitaka tuahirishe kwenda kuikagua nyumba tuliyofikiria kuinunua. Njia ya Segerea ni tope tupu, alisema, mtateseka bure, subirini jua litoke. Mume wangu alikuwa karibu kumkubalia. Mjomba, aliyekuwa amelala kwetu Buguruni kwa ajili ya safari hiyo hiyo, akaweka kikombe cha chai chini. "Mwambie tunakuja. Kiangazi kila nyumba ni nzuri."

Mjomba wangu ni fundi mwashi. Alianza kuchanganya zege akiwa kijana mdogo, miaka ile ya 1970 viwanja vya Sinza vilipokuwa vinapimwa na watu wakijijengea, na hajawahi kula kwa kazi nyingine. Sisi tulikuwa na akiba tuliyoibana kwa miaka ya kupanga chumba na sebule, mkopo wa saccos ya kazini kwa mume wangu, na hofu. Fedha ile ikipotea, hatukuwa na nyingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, bati jekundu, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea bonde la Msimbazi. Dalali alitupokea getini akataka tuingie sebuleni moja kwa moja, maana ndiko kulikokuwa na dari ya jipsamu yenye taa za rangi, na jikoni kumepigwa marumaru mpya. "Karibu dada, karibu kaka. Mzee wangu, karibu ndani, utalowa." Mjomba akamshukuru, akabaki nje na mwavuli wake.

Akaizunguka nyumba taratibu. Hakuwa anaangalia nyumba, alikuwa anaangalia maji. Maji ya kiwanja cha juu yalikuwa yanapita chini ya ukuta wa uzio, yanashuka hadi ukuta wa nyuma wa nyumba na kutuama pale pale kwenye msingi, kwa sababu hapakuwa na mtaro wa kuyapokea. Bati nalo halikuwa na gata, hivyo kila tone la paa lilikuwa linachimba shimo lake palepale chini. Jambo hilo huwezi kuliona Januari.

Kisha akatoka kabisa nje ya geti, akamwendea mama mmoja aliyekuwa anachoma maandazi kibarazani nyumba ya tatu. Wakasalimiana, akanunua maandazi, na katika mazungumzo akamuuliza mafuriko ya Desemba 2011 maji yalipanda mpaka wapi. Yule mama akaonyesha mwembe mmoja mbali kule chini. Mafuriko yale sote tuliyakumbuka, ndiyo yaliyoifanya serikali iwahamishie watu wa bondeni Mabwepande. Mjomba akapima kwa macho umbali kutoka mwembeni mpaka nyumbani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka nyumba ikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hii ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Mpaka leo naamini kile kikapu cha maandazi kilitupa habari ambayo hakuna dalali angetupa.

Ndani alianza na kuta. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotambaa kwenye lipu hakuzijali hata kidogo. Alisimama kwenye kona ya dirisha la chumba cha pili, ambapo ufa ulikuwa umeshuka kimshazari kuelekea sakafuni. Akatoa sarafu ya shilingi mia, akajaribu kuipenyeza. Haikuingia. Akatoka nje kuutafuta ufa huo huo upande wa pili wa ukuta, akarudi. "Msingi uliwahi kushuka, lakini kidogo tu. Ungekuwa umeshuka sana, sarafu ingezama."

Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi mpya, lakini ukuta mmoja tu. Akapiga magoti, akakwangua rangi kwa kucha karibu na sakafu. Ilibanduka kirahisi, na chini yake ukatoka unga mweupe. Akanionjesha kwa ncha ya kidole. Chumvi. Akanieleza kwamba waliojenga hawakutandika karatasi ya nailoni juu ya msingi ya kuzuia unyevu kupanda, na yale maji yaliyotuama nje yanafyonzwa na tofali, yanapanda, yanakauka ndani na kuacha chumvi yake ukutani. Rangi utapaka kila mwaka, itabanduka kila mwaka.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja mstaafu, mpole, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kochi muda wote huo. Alipoona ule unga mweupe alisimama, akamwambia dalali atulie, akaanza kutuonyesha mwenyewe. Alifungua chemba ya uani akatuomba tumwage ndoo nzima ya maji chooni tuone yanavyopita. Yalipita, ila kwa kusitasita. "Karo la choo linajaa masika," akasema. "Sitawaficha." Nilimheshimu sana mzee yule kuanzia dakika ile.

Darini alipanda mjomba peke yake na tochi, mimi nikiwa nimeshika ngazi. Nilimsikia akigonga mbao moja baada ya nyingine. Bati, alisema kwa sauti kutoka juu, ni geji 30, misumari imepigwa mgongoni mwa bati na si bondeni, kwa hiyo aliyepaua alijua kazi. Baadaye akanyamaza. Akaniita nipande. Kwenye pembe ya juu ya chumba cha nyuma, mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka ukutani mpaka kwenye kenchi ya mwisho, zile mbao zinazobeba paa. Akaikandamiza mbao kwa bisibisi, nayo bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini bila nguvu yoyote. Kenchi ya pili ilikataa. Ya tatu ilikataa. Ilikuwa moja, na ilikuwa imeoza kwa sababu bati la juu yake lilikuwa linavuja, mbao ikalowa, mchwa wakaja kula kilicholainika. Kwa chini, dari ya chumba kile ilikuwa nyeupe, safi, haina dalili ya kitu.

Umeme ndio ulionishangaza kuliko yote. Mjomba alituomba tuzime kila kitu, taa, friji, pangaboi, mpaka chaja ya simu ya mzee tukaichomoa. Akatuita kwenye mita ya LUKU. Kile kitaa chekundu kilikuwa bado kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Kuna kitu kinakula uniti. Tukafuata waya kutoka darini mpaka banda la uani, ambako mpangaji alikuwa na friji lake linafanya kazi kwa amani. Mzee mwenyewe alishangaa. Alikuwa anajua amempa taa moja tu. Mjomba akafungua soketi moja ya sebuleni: nyaya mbili, hakuna waya wa kwenda ardhini. Katika nyumba yenye ukuta unaolowa na watoto wanaotembea peku, hilo halikuwa la kujadili.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi, ingawa zilitumia muda mrefu. Hati ilikuwepo, mume wangu akafanya upekuzi ofisi ya ardhi, haikuwa na rehani wala zuio. Tuliuliza pia kuhusu hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara, swali lililoonekana la kupoteza muda wakati ule. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara mpaka Mbezi zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, niliwakumbuka wote walionunua bila kuliuliza. Na mume wangu, kwa adabu yote, alimwomba mzee tumwone na mama, mke wake. Mama alikuwa Tanga. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, na hatukutaka mtu yeyote aje kulia getini kwetu. Mama akaja na basi, akatia sahihi mbele ya wakili, akatusihi tusikate mwarobaini wake.

Bei ilishuka kiasi cha kutosha matengenezo, kwa sababu kila tulichotaja mzee alikuwa amekiona kwa macho yake.

Usiku ule tulikaa na daftari. Mimi nilikuwa na makabati ya jikoni kichwani tangu tuoane. Mjomba hakunikatalia, aliniuliza tu, "Mama, utayafunga kwenye ukuta upi?" Ukuta wa jikoni ulikuwa umeungana na ule wa chumvi. Basi fedha ya kwanza ikaenda kwenye mtaro wa zege kuzunguka nyumba nzima na gata zinazomwaga kwenye tangi, kwa hiyo mgao wa maji ukija bado tunafua kwa maji ya mvua. Ya pili ikaenda kwenye kenchi ile moja, mabati machache na dawa ya mchwa. Ya tatu, umeme wote upya, na banda likapata mita yake. Lipu ya ukuta wa nyuma tukaibomoa mpaka kiunoni, tukaacha tofali zikauke miezi yote ya kipupwe, ndipo tukapiga lipu mpya kwa mchanga wa mto. Majirani walituuliza kama tumeishiwa.

Kitu kimoja tulichoongeza, ambacho ningemshauri mtu yeyote wa Dar kabla hajafikiria kiyoyozi, ni dirisha. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja linalotazama kaskazini. Mjomba akatoboa jingine upande wa kusini, akaweka lenta yake vizuri, wavu wa mbu na grili. Upepo wa kusi ukianza unaingia huku na kutokea kule, na feni tunaizima usiku. Dirisha halili uniti hata moja. Gharama yake haikufika hata theluthi ya kiyoyozi tulichokuwa tumeulizia bei Kariakoo.

Makabati tuliyapata 2018, ya mninga, kutoka kwa mafundi wa Keko, na yamekaa imara ukutani. Dari ya jipsamu ya sebuleni na taa zake bado ipo, watoto wanaipenda. Kilichobaki ni karo. Lile la zamani limezibuliwa mara kadhaa, na kila masika lazima tuite gari la kunyonya, jambo ambalo sasa limetuchosha. Fundi tumeshampata na sehemu ya kuchimba jipya tumeshaichagua, mbali na mizizi ya mwarobaini wa mama. Tunasubiri mvua zikatike.