Siku nne za Lamu nilizozipanga kwa bamvua

Mwaka jana nilimpeleka mama Malindi apumzike, nikamrudisha Mombasa miguu imemvimba. Bado inaniuma.

Ratiba nilipewa na shemeji yangu. Yeye huamini kwamba ukishalipa nauli, lazima uone kila kitu: Gede, Nguzo ya Vasco da Gama, Marafa, Watamu, na mbuga ya bahari. Yote kwa siku tatu! Gede tuliingia jua la utosi, mama akabaki kivulini na mtoto mdogo huku sisi tukipita mbio kwenye magofu kama tunaotafuta kitu kilichopotea. Marafa, ambako watu huenda jioni ili waone ule wekundu wa udongo ukiwaka, sisi tulifika saa sita mchana, kwa sababu jioni tulipangiwa kuwa kwingine. Vumbi tu.

Siku ya tatu ndiyo ilinifunza. Tulipanda boti ya kioo saa nne asubuhi, watoto wameinama, macho kodo. Hatukuona kitu. Maji yalikuwa yamejaa na kuchafuka, matumbawe yako chini huko. Nahodha akaniambia taratibu, "Dada, leo ni maji mafu, hayapwi sana, na saa hizi yamejaa. Mngekuja siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, saa kama hii yamekupwa, mngewaona samaki hapa mpaka mchoke." Nikamuuliza mbona hakusema tangu jana. Akasema hatukuuliza, tulituma pesa tu. Nilikasirika, lakini baadaye nikaona ana haki. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekua nikisikia neno bamvua, na sikuwahi hata siku moja kulitumia kupanga jambo langu.

Basi safari ya Lamu nikaianza kwenye kalenda ya mwezi mwandamo iliyotundikwa jikoni kwa mama. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, ndiyo bamvua. Hapa pwani kwetu siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele dakika 40 hadi 50. Jedwali la maji liko hata kwenye simu, lakini ukijua hilo moja utajipangia mwenyewe.

Kwa nini nilihangaika hivyo? Magoti ya mama. Lamu ni kisiwa: utafika Mokowe, upande wa bara, kwa basi, kisha boti, na gatini maji yakikupwa utapanda ngazi zenye ukungu wa mwani, zinateleza vibaya. Maji yakijaa, boti inakuja karibu sawa na gati. Basi letu liliondoka Mombasa alfajiri na nilihesabu tutafika alasiri. Kwa hiyo nikachagua mwezi 15, ukiwa mpevu, mwishoni mwa Agosti, shule zimefungwa na mvua za masika zimekwisha kitambo. Tulikanyaga gati la Lamu kama saa kumi kasoro, maji tele. Mama aliinua mguu mara moja tu.

Nyumba nayo ilikuwa na kazi yake. Kila niliyempigia alinisifia paa: upepo, makuti, unaona bahari yote. Mimi nikawa na swali moja, "Kutoka mlangoni hadi kitandani kuna ngazi ngapi?" Wawili walicheka. Wa tatu, mama mmoja wa Langoni, alisema ngoja, akaenda kuhesabu kweli, akarudi, "Mbili, mwanangu, na chumba kinatazama kiwanda." Yaani ua wa ndani. Nikachukua hapo hapo. Bei ilikuwa ya kati, elfu kadhaa kwa usiku, na alipunguza kwa sababu tulilala siku nne. Mizigo ilibebwa na mkokoteni. Mji ule vichochoro vyake ni vya watu na punda, gari usilitegemee.

Sharti langu lilikuwa jambo moja kwa siku. Mume wangu alilipinga, halafu siku ya pili nikamkuta amelala barazani saa tano, gazeti usoni.

Asubuhi moja maji yakiwa yamekupwa tulikwenda Shela, mama akatembea kwenye mchanga ule mgumu ulioachwa na bahari, bila viatu, mbali kuliko nilivyomwona akitembea miaka miwili iliyopita. Mchanga mkavu wa juu ungemshinda. Wanaosema mzee hawezi ufuo wa Shela huwa wamempeleka maji yamejaa.

Takwa, mji wa magofu kule kisiwa cha Manda, tuliiweka mwezi 16. Mume wangu alitaka tutoke asubuhi, nahodha akatikisa kichwa, "Ngoya mai yaye," yaani ngoja maji yaje. Mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko hauingiliki maji yakiwa madogo. Tulitoka saa tisa, tanga limejaa upepo, tukateremka karibu kabisa na magofu. Watu waliuhama mji ule karne ya 17, na inasimuliwa kwamba walivuka wakaenda Shela. Msikiti bado umesimama, na nguzo juu ya kibla chake. Mama alikaa pale chini ya mbuyu akavuta uradi wake, hakuna aliyemharakisha. Tulirudi kabla maji hayajapungua sana.

Usiku huo huo shemeji akapiga simu. Mmefika Siyu? Matondoni mmeona majahazi yakiundwa? Nikamwambia hatukufika. Akasema tunatupa pesa. Wakati huo watoto wanacheza Mkunguni mbele ya ngome kwenye mbalamwezi, mimi nina kikombe cha kahawa chungu na kipande cha halwa. Sikubishana naye.

Mwezi 19 tulirudi. Siku nne zilikuwa zimeyasogeza maji hadi mnamo saa moja asubuhi, nami nilikuwa nimekata tiketi za basi la asubuhi kwa sababu hiyo. Saa kumi na mbili tuko gatini, bahari imepanda hadi ngazi za juu. Nilimnyooshea mama mkono. Akanipa mkoba wake niushike, akaingia botini peke yake.