Nilivyoutafuta Mwaka wa Kanisa Letu

Ujumbe uliingia saa tatu usiku kwenye kundi la WhatsApp la Waribe, watu wa Ribe karibu na Mombasa, tulio Nairobi. Kanisa la kijijini linapakwa rangi, fundi wa kibao keshalipwa nusu, anataka maneno ya kuandika na mwaka kanisa lilipojengwa. Mzee mmoja wa kanisa akaandika, "Weka 1862." Watu wakamwaga amina. Mimi nikauliza, kwani 1862 imetoka wapi? Kuuliza kukaniponza. Kulipokucha nilikuwa nimeshateuliwa mwandishi wa historia.

Mwaka wenyewe si wa uongo. Mwaka 1862 ndipo mmishonari Thomas Wakefield alipofika Mombasa pamoja na Krapf, mmishonari mwenzake aliyekuwa Rabai zamani, misheni ya Kimethodisti ikaanza Ribe. Mwaka uliofuata akaja Charles New. Rebecca, mkewe Wakefield, alifia huko 1873. Aliyekulia kwetu amezisikia habari hizi tangu shule ya Jumapili. Ila kanisa letu haliko Ribe penyewe. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kuta zake ni za mawe mazito yaliyochongwa kwa mkono. Hao wamishonari wa kwanza walikuwa hoi kwa homa. Nani angekuja kutujengea sisi huku mbali?

Nikaomba ruhusa kazini siku mbili, nikaenda Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki kati ya Moi Avenue na Tom Mboya. Nilidhani nitafungua faili moja nilikute kanisa letu limekaa linanisubiri. Nikasoma habari za vituo vya misheni vya jirani, Rabai na Freretown, nikasoma barua za maofisa kuhusu kodi ya nyumba hadi macho yakaniwasha. Kijiji chetu hakikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Kilichonifaa kilitoka nyumbani. Binamu yangu aliingia kwenye chumba cha mchungaji akapiga picha daftari kuukuu la ubatizo. Mchwa wamekula pembe moja, na juu kulia mtu ameandika namba 1 kwa wino uliogeuka rangi ya chai. Nikaikuza ile picha ya jalada. Maandishi ya chapa yalisomeka United Methodist Church. Hapo nikakaa wima kitandani.

Maana majina ya kanisa letu yana umri. Waliomtuma Wakefield waliitwa United Methodist Free Churches. Walipoungana na wenzao mwaka 1907 ndipo wakawa United Methodist Church, na jina hilo likafa 1932 Wamethodisti wa Uingereza walipoungana tena. Sisi wa Kenya tukajitegemea 1967. Najua daftari huweza kutumika hata jina likishabadilika, kanisa maskini halitupi karatasi. Lakini haliwezi kuchapwa kabla jina lenyewe halijazaliwa. Kwa hiyo daftari letu la kwanza ni la 1907 au baadaye.

Daftari si jengo, hata hivyo. Jumapili nikapanda matatu hadi Umoja kwa shangazi yangu, aliyepita miaka themanini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mume au umekuja na maswali?"

Akanisukumia sinia la mchicha nichambue huku akisimulia. Baba yake alibeba yale mawe kichwani akiwa kijana asiye na ndevu. Mwaka? Hajui. "Ilikuwa baada ya kondo ya Chembe. Watu walikuwa wamerudi, wana njaa, na bado wakajenga."

Kondo ni vita, na Chembe ndivyo wazee walivyomwita Champion, ofisa wa Waingereza. Hiyo ni vita ya Wagiriama dhidi ya Waingereza, mwaka 1914. Nikaacha mchicha nikaandika mkononi kwa kalamu, nisije nikasahau.

Kumpigia mzee wa kanisa ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Nilimweleza taratibu, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nataka kulipunguzia kanisa miaka hamsini. Nikamwambia, "Baba, 1862 ni ya wageni walioleta Injili Ribe. Hii ya baada ya vita ni ya baba zenu, waliobeba mawe." Akakohoa. Akasema atazungumza na wenzake. Jioni akanipigia mwenyewe kutaja jina la babu yake, naye alibeba mawe, niliandike wapi?

Tukakubaliana: Injili ilifika Ribe 1862. Kanisa hili lilijengwa na wazee wetu baada ya vita vya 1914. Majina ya waliobeba tunayakusanya kwenye daftari jipya, hadi sasa tuna tisa.

Fundi aliposomewa akasema herufi zimezidi zile alizolipwa, aongezwe mia tano. Nikamtumia kwa M-Pesa.